Inasubiri Nini?

Ukiletewa ratiba ya ujenzi, usikimbilie tarehe ya kukabidhi. Tarehe hata mtoto anaweza kuiandika. Funika safu ya tarehe kwa kiganja, kisha uulize kila kazi: wewe unasubiri nini? Ratiba iliyopikwa haina jibu. Milia yake imeshuka kama ngazi, kila mmoja mwezi mzima, utadhani kuchimba msingi na kupaua ni kazi za uzito mmoja.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kinachosubiriwa kwanza ni mbingu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na kule Rungwe huwa haina haraka ya kuaga. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mkataba wa fedha hizo ukisainiwa Septemba, ukuta unafika kwenye linta mawingu yameshajikusanya. Mpangaji mjuzi huwahisha paa hata kama sakafu na plasta zitangoja, maana plasta hupigwa vizuri tu chini ya bati huku nje kunanyesha. Aliyepanga kuchimba msingi Januari kwenye udongo mwekundu wa Mufindi, mrudishie karatasi yake.

Kisha tazama tofali. Iringa wengi hujengea tofali za kuchoma, na hizo hufyatuliwa kiangazi, zikaanikwa, zikapangwa tanuru, zikachomwa, zikaachwa zipoe. Ratiba ikianza ukuta Machi, tafuta mstari unaosema tofali zilikusanywa lini. Usipouona, huyo kajengea ofisini. Mbao nazo ni vivyo hivyo: msitu wa Sao Hill uko jirani, lakini mbao mbichi ikipandishwa kwenye paa hujipinda, kwa hiyo siku za kuikausha zinastahili mstari wake.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakifundishwi darasani. Angalia idadi ya vibarua wiki ya mvua za kwanza. Kila mmoja wao ana kishamba cha mahindi, na hakuna mkandarasi mwenye sauti kubwa kuliko mvua ya kupandia. Ratiba iliyoandikwa na mtu anayeishi huku hupunguza watu wiki hizo bila kulalamika.

Zege hupimwa nguvu yake ikifikisha siku 28, lakini hilo si agizo la kusimamisha saiti nzima. La kuchungulia ni Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapochelewesha zege kukomaa. Ratiba iliyonakiliwa kutoka Dar es Salaam itatoa mirunda chini ya slabu kwa siku zilezile za kwenye joto, na hapo kosa la karatasi linakuwa ufa.

Tena, muda haugawanywi kwa mita. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, ina kilomita 1,860 hivi. Kati ya hizo, 157 hivi ni za kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako. Kipande hicho kifupi kina mahandaki 18 na madaraja 46. Mpangaji ambaye angetoa siku sawa kwa kila kilomita angekwama pale pale mlimani.

Baada ya hapo fuata mnyororo mrefu kuliko yote, ule ambao kazi yake moja ikichelewa siku, jengo zima linachelewa siku. Uwe mmoja, miwili kwa shida, nao ndio hupakwa rangi nyekundu. Ratiba ambayo kila kazi yake imepakwa rangi nyekundu haijachagua kitu.

Mwisho, omba nakala iliyobandikwa saiti. Niliwahi kuonyeshwa moja nyeupe pe, mwezi wa tano wa mradi, sikuendelea kusoma. Nzuri ina vumbi la saruji, mstari wa kupaua umefutwa ukasogezwa wiki mbili, na pembeni fundi ameandika kwa penseli: bati bado.