Nyuzi Sita Bila Kipaza Sauti

Gitaa tulilolizoea hapa Kampala ni lile la umeme, linalosikika hadi barabarani na kumwinua mtu kitini. Gitaa la kiklasiki ni jambo jingine. Nyuzi zake tatu nyembamba ni za nailoni, na hupigwa kwa kucha na ncha za vidole, mpigaji akiwa ameketi na mguu wa kushoto juu ya kijibao. Sauti yake ni ndogo, hivyo hadhira hulazimika kusogea karibu na kunyamaza. Katika onyesho lililofanyika hivi karibuni hapa mjini, watu wapatao arobaini tulijitahidi kufanya hivyo. Mvua juu ya mabati haikujitahidi.

Msanii mwenyewe ni kijana chipukizi wa hapa hapa. Kwa kuwa bado yumo masomoni, jina lake naliacha, ili nipate kumsifu na kumkosoa kwa uhuru.

Alianza na "Recuerdos de la Alhambra" ya Francisco Tárrega, Mhispania aliyefariki mwaka 1909. Katika kipande hiki kidole gumba hushughulikia besi, huku kidole cha pete, cha kati na cha shahada vikigonga uzi mmoja kwa zamu, upesi sana, hata sikio likadanganyika kuwa sauti ni moja isiyokatika. Kwa msanii wetu kidole cha kati kilizidi nguvu, na mtetemo ukawa unachechemea. Walimu wa ushairi watanielewa: mizani zilitimia zote, lakini wizani haukutulia.

Alipofika kwenye Utangulizi Namba 1 wa Heitor Villa-Lobos wa Brazili, ulioandikwa mwaka 1940, nilisahau kasoro hizo. Hapo wimbo hukaa chini, kwenye nyuzi nene, mithili ya mzee anayesimulia bila haraka. Kijana hakuharakisha. Aliacha kimya kati ya sentensi moja ya muziki na nyingine, na kimya hicho ndicho wasanii wengi wa umri wake hukiogopa. Hata aliyekuwa akibofya simu nyuma yangu aliiweka mfukoni.

Kisha akapiga "Masanga", na hapa ndipo nina neno.

Karatasi ya programu iliwataja Wahispania na Wabrazili kwa majina yao na miaka yao. Chini yao iliandikwa tu: wimbo wa kienyeji kutoka Kongo. Wimbo huu si wa kienyeji kwa maana ya kukosa mwenyewe. Mwenyewe ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Mwenda alifariki mwaka 1990. Mtafiti David Rycroft aliuchambua upigaji wake katika jarida la kitaaluma mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa makini yale yale wanayopewa watunzi wa Ulaya. Kumwita mtu huyo "kienyeji" ni sawa na kufundisha mashairi ya Muyaka bila kumtaja Muyaka.

Jambo hili linatuhusu sisi wa idara hii zaidi ya wengine, kwa sababu nyimbo nyingi za Mwenda ziliimbwa kwa Kiswahili, kile cha Katanga, chenye sarufi yake. Hapa Uganda Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu mwaka 2005, lakini katika masikio ya wengi kingali lugha ya kambi ya jeshi. Jioni ile ilikuwa nafasi ya kusema kwamba ni lugha ya gitaa pia, na ilipita hivi hivi. Maelezo yote kati ya vipande yalitolewa kwa Kiingereza. Kiswahili kilipata "asanteni" moja, mwishoni.

Lakini upigaji! Mwenda alitumia zaidi gumba na kidole cha shahada. Kijana alitumia vidole vinne kwa mtindo wa kiklasiki, na bado mdundo ukabaki wa Katanga, mwepesi, wenye kuvuta bega. Watu walianza kutikisa vichwa, jambo ambalo Tárrega hakulipata. Tiketi ilikuwa shilingi elfu kumi. Ningelipa tena kwa "Masanga" peke yake, mradi karatasi imtaje mtunzi.