Upote, Winchi na Ulimi Unaozuia

Upinde wa kawaida humtaka mpigaji afanye kazi tatu kwa mara moja: avute, ashikilie, alenge. Misuli inayovuta ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia, na mkono unaotetemeka kwa uzito haulengi vizuri. Ndiyo maana wapiga mishale hodari huvuta na kuachia karibu kwa pumzi moja. Waata wa upande wa Tsavo, nchini Kenya, waliowinda tembo kwa mishale ya sumu, walitumia pinde zilizohitaji nguvu inayozidi kilo 45 kuzivuta. Mtu ambaye hakukua nazo hata nusu ya safari ya upote hafikishi.

Upinde wa mtambo, yaani ule uliolazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki, ulizitenganisha kazi hizo tatu. Upote ukishanaswa kwenye kishikio chake, uzito wote unabebwa na gogo, na mpigaji hubaki na kazi ya kulenga tu, kwa muda autakao. Lakini raha hiyo ilizaa tatizo jingine. Kwa kuwa kushikilia hakumchoshi tena mtu, mafundi waliongeza ukali wa upinde mwaka hadi mwaka, mpaka ukafika mahali ambapo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuvuta. Ugumu wote ukahamia kwenye kupandisha upote, na ninavyoona mimi, historia ya silaha hii ni historia ya kuvuta kuliko ya kupiga.

Barani kwetu, upinde wa mtambo unaojulikana sana ni wa Wafang wa Gabon na majirani zao. Msafiri Paul Du Chaillu aliueleza katika kitabu chake cha 1861, mwaka ule ule ambao wasafiri John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe, katika Tanzania ya leo, na kupokewa na mfalme wake, Omukama Rumanika. Mfang huketi chini, huweka nyayo zote mbili juu ya upinde, mguu mmoja kila upande wa gogo, hushika upote kwa mikono miwili na kujinyoosha. Miguu inasukuma, mgongo unavuta, na upote unaingia kwenye pengo lililochongwa juu ya gogo.

Namna ya kuufyatua inastahili kutazamwa kwa karibu. Gogo limepasuliwa kwa urefu, nusu ya juu na nusu ya chini, zikiwa bado zimeungana kwa mbele. Kwenye nusu ya chini kuna kigingi kidogo kinachoingia katika tundu lililo chini kabisa ya lile pengo la upote. Nusu mbili zikiwa zimeachana, kigingi kimeshuka na upote umetulia pengoni. Mpigaji akizibana pamoja, kigingi kinapanda na kuusukuma upote utoke. Hakuna chuma, hakuna springi. Na kwa kuwa vishale vyake ni vyepesi na vina sumu, upinde haukuhitaji ukali wa kutisha, kwa hiyo miguu na mgongo vilitosha kuuvuta.

Karagwe haikukosa ufundi. Ndagara, baba yake Rumanika, anakumbukwa kwa uhunzi, na msafiri Henry Morton Stanley alipofika 1876 alioneshwa hazina ya mfalme yenye mikuki na sanamu za wanyama za chuma na shaba. Mhunzi aliyeweza kufua vitu vile angeweza kufua ndoana ya kuvutia upote bila taabu. Naona sababu ya kutofanya hivyo ni moja: hakuna aliyemwomba. Mkuki na upinde wa mkono vilitosha kazi zilizokuwepo, na ulipokuja wakati wa kutaka nguvu zaidi, bunduki zilikwishaingia kupitia wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na kituo chao Kafuro, humo humo Karagwe. Speke mwenyewe aliwapiga vifaru kwa bunduki wakati wa ugeni wake kwa Rumanika. Hatua nzima ya upinde wa mtambo ikarukwa.

Kwa hiyo tuifuate hatua hiyo kule ilikopitiwa, kwa sababu mitambo iliyozaliwa humo iko mikononi mwetu leo, ingawa pinde zenyewe hazipo.

Ulaya ya zama za kati ilianza kama Wafang, kwa miguu. Mbele ya gogo iliwekwa pete ya chuma ya kukanyagia, na kwenye mkanda wa mpigaji ikaning'inizwa ndoana. Mtu anainama, anaingiza mguu kwenye pete, ananasa upote kwa ndoana, kisha anasimama wima. Mapaja, ambayo yana baadhi ya misuli mikubwa zaidi mwilini, ndiyo yanayofanya kazi, na vidole viko mbali na upote. Baada ya hapo ukaja wenzo wenye uma mbili uliofananishwa na mguu wa mbuzi. Uma zake huegemea vigingi viwili vilivyo ubavuni mwa gogo, makucha yake hushika upote, na mpigaji huvuta mpini kuelekea kwake. Mpini ukiwa na urefu wa sentimita 50 na makucha yakiwa sentimita 10 kutoka kwenye egemeo, nguvu ya mkono inazidishwa mara 5. Kwa mpanda farasi kilikuwa chombo kizuri, kwani hakikumtaka ashuke na kuinama.

Pinde za chuma zilipokuja, wenzo haukutosha. Sir Ralph Payne-Gallwey, Mwingereza aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya silaha hizi mwaka 1903, aliujaribu upinde mmoja wa kivita uliohitaji ratili 1,200 kuuvuta, yaani kama kilo 544, na upote wake ulisafiri inchi 7 tu, karibu sentimita 18. Upinde kama huo ulivutwa kwa winchi: kifaa kinachovikwa nyuma ya kitako, chenye mikono miwili ya kuzungushia, kamba, na roda.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa. Chukua winchi ambayo ngoma inayokunja kamba ina nusu kipenyo cha sentimita 2, na mkono wa kuzungushia una sentimita 20. Hapo umepata mara 10. Pitisha kamba kwenye roda kiasi cha kuzidisha tena mara 4, unapata mara 40. Kilo 544 ukigawanya kwa 40 ni chini kidogo ya kilo 14, bila kuhesabu msuguano. Mzigo huo kijana yeyote anauweza. Lakini hakuna cha bure: ili upote usogee sentimita 18, mikono lazima isafiri mara 40 ya hapo, mita 7 na zaidi, sawa na mizunguko kama 6. Nguvu uliyookoa umeilipa kwa muda. Katika vita vya Crécy mwaka 1346, wapiga pinde wa Genoa waliingia uwanjani bila ngao zao kubwa, ambazo kazi yake ilikuwa kumfunika mtu anapovuta. Mbele yao walikuwepo Waingereza wenye pinde za mkono, waliorusha mishale kadhaa kwa muda ambao mwenzao alikuwa bado anapandisha mmoja. Wagenoa wakavunjika.

Sasa tuje kwenye usalama, maana hapa ndipo wengi hupotea wakidhani kwamba kilicho rahisi ni salama.

Upinde ule wa kilo 544 ukishavutwa sentimita 18 unakuwa umehifadhi nishati ya karibu jouli 480. Ni nishati ya mzigo wa kilo 49 ulioinuliwa mita 1. Mkononi unahisi kilo 14 tu, kwa hiyo mwili haukuonyi. Mkono ukiteleza kabla upote haujanaswa, nishati yote inatafuta njia ya kurudi: upote unaruka mbele, ngoma inazunguka kinyume, na ule mkono wa chuma uliokuwa ukiuzungusha kwa upole unageuka rungu linalovunja kifundo. Kadiri winchi inavyozidisha nguvu ya mtu, ndivyo inavyomficha ukubwa wa mzigo anaoubeba. Anayevuta upinde kwa mikono mitupu angalau anachoka mapema na kuacha.

Dawa yake ni gurudumu la meno na ulimi, kile ambacho mafundi wetu wengi hukiita racheti. Unakijua tayari. Ule mlio wa tik-tik-tik kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli, unapoacha kukanyaga pedali kwenye mteremko wa Kayanga, huku Karagwe, ni ndimi ndogo za chuma zinazoruka juu ya meno yaliyochongwa mshazari. Upande mmoja zinateleza, upande wa pili zinauma. Ukiweka mpango huo kwenye winchi, mtu anaweza kuachia mkono wakati wowote na mzigo ukabaki palepale. Tuseme gurudumu lina meno 12 kwenye ngoma yetu ya nusu kipenyo cha sentimita 2: mzingo wa ngoma ni sentimita 12.6, basi kamba haiwezi kurudi zaidi ya sentimita 1 hivi kabla ulimi haujauma. Mbele ya roda zetu, kwenye upote wenyewe, huo ni mrudio wa milimita 3 au pungufu.

Mahali pa kuuweka ulimi ni jambo linalokosewa mara nyingi. Fundi huona ni rahisi kuufunga karibu na mkono wa kuzungushia, kwa sababu pale mzigo ni mdogo na chuma chembamba kinatosha. Lakini pini inayounganisha mkono na ngoma ikikatika, ulimi utabaki umeuma gurudumu lisilo na kazi huku ngoma ikifunguka yenyewe. Ulimi unatakiwa kukaa kwenye ngoma, karibu na mzigo kadiri inavyowezekana, hata kama itabidi uwe mnene mara mbili.

Watengenezaji wa pinde za mtambo za leo, zinazotumika kwa michezo na uwindaji wa leseni katika nchi kama Marekani, wamefuata njia hiyo na kuongeza mambo yao. Kamba nyepesi yenye ndoana mbili na roda hupunguza uzito kwa nusu, na huvuta upote katikati kabisa, jambo ambalo mkono mtupu hauliwezi. Upote ukinaswa huku umeegemea upande mmoja kwa milimita chache, mshale hautafika ulikolengwa. Nyingine zina winchi iliyojengwa ndani ya kitako. Kufuli ya usalama hujifunga yenyewe mara upote unaponaswa, na kizuizi kingine hukataa kufyatua kama hakuna mshale, kwa kuwa upinde ukifyatuliwa mtupu nishati yake humalizikia kwenye mabawa yake na kuyapasua.

Sishauri mtu yeyote atengeneze silaha hii. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa tangu 2019, na kuwinda humo ni kosa. Kinachonishughulisha ni ile winchi, kwa sababu inayopandisha ndoo ya kisima na ile inayopandisha mawe kutoka kwenye shimo la madini ya bati hufuata hesabu ile ile, tofauti ikiwa kwamba chini ya kamba huwa kuna mtu.

Basi fundi wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, ukiletewa kazi ya winchi usianze kwa kupima urefu wa mkono wa kuzungushia. Anza na gurudumu la meno, ulifunge kwenye ngoma, uwekee ulimi wa chuma kigumu na springi ya kuurudisha, kisha uujaribu kwa mzigo mzito kuliko utakaobebwa, ukiwa umeachia mkono kabisa. Mzigo ukirudi chini zaidi ya jino moja, usiikabidhi.