Jicho la Mgeni katika Nchi ya Rungwe

Vitabu vya wageni walioijia nchi ya Rungwe si vichache, na aghalabu huwa na sura moja inayofanana, nayo ni ile ya siku za kwanza. Mwandishi huwasili amechoka. Huona migomba, nyua zilizofagiliwa na ng'ombe walionona, kisha husema kwamba amefika peponi. Wanafunzi wetu huzisoma sura hizo kwa namna mbili, na zote mbili hazinitoshi. Wengine huzishika kama ushahidi wa nchi ilivyokuwa. Wengine huzitupa, kwa kuwa walioziandika walikuwa Wazungu. Nionavyo mimi, sura ya siku za kwanza ina thamani yake katika fasihi, lakini thamani hiyo haipatikani ila tuulize mwandishi alikuja na kipimo gani, na kama alikubali kipimo hicho kivunjwe.

Tumtazame kwanza Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1858. Mkuu wa msafara wake, Keith Johnston, alikufa Behobeho mwaka 1879, na kijana huyo wa miaka ishirini na mmoja akashika uongozi, akiwa na Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Baada ya kuvuka Uhehe alishuka hata ncha ya kaskazini ya ziwa Nyasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 aliisifu nchi ya Wanyakyusa kwa migomba yake na usafi wa makazi yake, akaifananisha na Arkadia, nchi ya wachungaji wenye raha waliyoiwaza washairi wa kale wa Ulaya. Basi kipimo chake kilikuwa shairi. Hakusema uongo, mtu wa Ikuti asomapo kurasa zile atakubali kwamba migomba ndivyo ilivyo. Walakini atauliza maswali mawili. La kwanza, ni nani aliyeufagia ua ule, na aliamka saa ngapi? Katika pepo ya Thomson ufagio hauna mkono. La pili ni la mvua. Thomson alifika mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi. Mvua hiyo hiyo inayoistawisha migomba ndiyo inayoifanya miteremko ya Ikuti kuwa utelezi mtupu mwezi wa Machi, mtu akapanda kilima kwa mikono na miguu. Mpitaji alipewa tunda asione gharama yake.

Wala tusidhani kwamba ugeni ni wa Wazungu peke yao. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, aliyesimulia kwa Kiswahili safari ya Nyasa na pia safari ya Urusi na Siberia. Kwa mtu wa pwani, bara la Nyasa lilikuwa ugenini kama Urusi ilivyokuwa ugenini. Mwanafunzi azisome safari hizo mbili pamoja. Ataona kwamba jicho linaloshangaa Afrika laweza kuishangaa Ulaya vile vile, na kwamba mshangao si mali ya taifa moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijui kipimo bora kuliko hiki cha kuvipima vitabu vya wageni: je, mwandishi alishika jembe? Godfrey Wilson alifika Rungwe mwaka 1934, na mkewe Monica akamfuata mwaka 1935. Wakakaa, pamoja na vipindi vya kuondoka, hata mwaka 1938, wakajifunza Kinyakyusa. Monica alizaliwa Lovedale, Afrika Kusini, na alikuwa amekwisha kufanya utafiti Upondo. Kwa hiyo kipimo alichokuja nacho hakikuwa cha Ulaya peke yake.

Tazama walivyoyaona mazishi. Mgeni husikia kilio cha wanawake, kisha huona ngoma, wanaume wakicheza na mikuki, vijana wakitaniana na wasichana. Naye huamua papo hapo kwamba watu hawa hawana huzuni. Godfrey Wilson, katika makala yake ya mwaka 1939, hakuishia hapo. Aliwauliza wenyewe, akaambiwa kwamba mchezo ule ni njia ya kuubeba uchungu na kuwatuliza waliofiwa. Hapo kipimo kilivunjika.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa neno ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akakitoa peke yake kitabu cha Good Company mwaka 1951. Neno hilo ndilo linalokibeba kitabu chote: vijana kuondoka kwa baba zao na kujenga kijiji cha rika lao, na mke wa kijana kumwepuka baba mkwe. Mpitaji angeona nyumba tu.

Hata hivyo jembe nalo lina kosa lake. Aliyekaa sana huweza kuipenda picha aliyoijenga. Simon Charsley mwaka 1969, na Michael McKenny mwaka 1973, walitilia shaka kwamba vijiji vya rika vilikuwa imara na vya kawaida kadiri alivyovieleza Monica Wilson. Naona hoja zao zina uzito. Lakini kilichowawezesha kubishana naye ni kwamba yeye mwenyewe aliweka mwishoni mwa kitabu masimulizi mengi ya wenyeji, ambayo msomaji aweza kuyafasiri kinyume cha mwandishi. Thomson hakutuachia silaha ya namna hiyo.

Na masimulizi hayo hayakujikusanya. Yuko Leonard Mwaisumo, karani wao, aliyesaidia kuuliza, kusikiliza na kueleza. Wahakiki wamekawia kumpa nafasi yake. Kurasa ambazo ningependa kuzisoma kabla ya zote ni zile ambazo Mwaisumo angeandika juu ya wageni wale wawili, jinsi alivyowaona siku ya kwanza, na ni lini alipoona kwamba sasa wanaweza kupewa jembe.