Toa, Zidisha, Jumlisha

Mhandisi akishakokotoa jinsi boriti itakavyopinda chini ya mzigo, huliamini jibu lake kwa sababu ambayo haimo kwenye karatasi ya hesabu: anaamini kwamba hakuna jibu jingine. Kama milinganyo ileile, kwa mzigo uleule na kingo zilezile, ingekubali umbo la pili, hesabu yake ingekuwa imemwonyesha kinachowezekana tu, si kitakachotokea. Hilo ndilo swali la upekee. Ndugu yake ni swali la uthabiti: hali iliyopo ikitikiswa, itarudi ilikokuwa au itapotea? Vitabu vingi huyaweka maswali haya katika sura mbili zilizo mbalimbali. Mimi nashikilia kwamba shina lao ni moja, na ushahidi wangu ni hesabu ya hatua tatu ambayo imekuwa ikiyajibu yote mawili kwa zaidi ya miaka 160.

Kwa vitu vinavyonyumbuka, hesabu hiyo ni ya Gustav Kirchhoff, aliyeichapisha mwaka 1859 akiwa Heidelberg. Chukulia kwamba kuna masuluhisho mawili. Toa moja kwa jingine. Kwa kuwa mzigo ni uleule, unajifuta. Kwa kuwa kingo zimeshikwa vilevile, tofauti ya masuluhisho hayo ni sifuri pale kingoni. Sasa chukua mlinganyo unaoitawala tofauti hiyo, uuzidishe kwa tofauti yenyewe, kisha ujumlishe katika mwili mzima. Kinachobaki ni kauli moja: nishati ya mnyumbuko iliyomo ndani ya tofauti ni sifuri. Na katika kitu ambacho kila badiliko la umbo hudai nishati, nishati sifuri maana yake hakuna kilichobadilika umbo. Masuluhisho mawili yalikuwa moja.

Tazama vitu ambavyo Kirchhoff hakuvihitaji. Hakuhitaji kujua umbo la kitu, wala fomula ya suluhisho, wala hata kama suluhisho lenyewe lipo. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya hoja safi kuliko zote katika mekanika, na mwanafunzi anayefundishwa fomula za boriti bila kuonyeshwa hoja hii amenyimwa haki yake.

Ila hoja ina masharti, na Leonhard Euler alikuwa ameshaonyesha mwaka 1744 kinachotokea yakivunjika. Gandamiza nguzo nyembamba kwenye ncha zake mbili zilizo huru kuzunguka. Mzigo ukifika π²EI/L², ambapo L ni urefu wa nguzo na EI ni ugumu wake wa kupinda, nguzo iliyonyooka inaacha kuwa jibu pekee: sasa inaweza kupinda kushoto au kulia. Je, Kirchhoff alikosea? Hapana. Nguzo iliyokwisha kugandamizwa haianzi kutoka hali ya utulivu. Ule mgandamizo hujifuta kwenye mizigo ya nje, lakini unabaki ndani ya mlinganyo wa tofauti, na katika hesabu ya nishati unaingia kwa alama ya kutoa. Ugumu wa nguzo unaongeza, mgandamizo unapunguza. Kwenye mzigo wa Euler vinatoshana nguvu, na tofauti inaweza kuwapo bila kulipa chochote. Pale pale upekee unapopotea ndipo nguzo iliyonyooka inapoacha kuwa thabiti.

Kwa vimiminika kazi ni ngumu zaidi, maana milinganyo ya Navier na Stokes si ya mstari: kasi inajibeba yenyewe. Osborne Reynolds alianza njia ya nishati mwaka 1895, William Orr akaiendeleza mwaka 1907, na James Serrin akaipa umbo lake la kisasa mwaka 1959. Hatua ni zilezile. Toa, zidisha kwa tofauti, jumlisha. Kanieneo inatoweka, kwa sababu kimiminika hakibanwi na tofauti ya kasi ni sifuri ukutani. Kisha linakuja jambo zuri kuliko yote: kile kipengele cha tofauti kujibeba yenyewe, ambacho ndicho kinachowatesa wanahisabati, nacho kinatoweka. Kinahamisha nishati kutoka mahali hadi mahali, lakini jumla yake haiongezi wala haipunguzi. Vinabaki vitu viwili tu: mnato, ambao daima unaimeza nishati ya tofauti, na kiasi ambacho tofauti inakiiba kutoka kwenye mtiririko wa msingi.

Mnato ukishinda, tofauti inafifia, hata ikiwa ilianza kubwa kiasi gani. Huo ni uthabiti. Mnato usiposhinda, lakini mtiririko wa msingi ukawa laini, tofauti haiwezi kukua haraka kuliko kiwango fulani kinachojulikana. Na kwa kuwa kiwango hicho kinazidisha tu kilichokuwapo mwanzoni, tofauti iliyoanza sifuri inabaki sifuri. Huo ni upekee. Kwa hiyo, panapo ulaini, upekee unapatikana kwa bei ndogo; uthabiti ndio wa ghali.

Ughali huo unaonekana kwenye bomba. Njia ya nishati inahakikisha uthabiti hadi namba ya Reynolds ya takriban 81. Maabara inaonyesha kwamba vurugu haijiendelezi hadi karibu na 2,040, kipimo kilichotolewa mwaka 2011. Nadharia ya mstari, ile inayoangalia mitikisiko midogo mno peke yake, haikuwahi kupata kikomo chochote. Pengo kati ya 81 na 2,040 linatokana na ukarimu wa njia ya nishati: inaruhusu tofauti ya umbo lolote, hata lile ambalo mtiririko wenyewe usingelidumisha kwa muda.

Lakini kuna mahali ambapo pengo linafungika kabisa. Chukua tabaka la kimiminika kati ya bamba mbili, ya chini ikiwa na joto zaidi. Rayleigh alilichambua mwaka 1916 akilenga majaribio ya Henri Bénard ya mwaka 1900 (baadaye Pearson, mwaka 1958, alionyesha kwamba mvutano wa uso wa kimiminika unatosha kuzalisha vyumba kama vya Bénard, tena katika matabaka membamba kama yake). Kwa bamba ngumu, myuko, yaani mwendo wa kimiminika unaosukumwa na joto, unaanza namba ya Rayleigh inapofika 1,708. Mwaka 1965 Daniel Joseph alijumlisha nishati ya mwendo na mraba wa tofauti ya joto, akaupa mraba huo uzito aliouchagua hadi apate mpaka bora kuliko yote. Akapata 1,708 ileile. Sababu ni ulinganifu: joto linausukuma mwendo, na mwendo unalibeba joto, kupitia zao lilelile la kasi ya kupanda na ziada ya joto.

Ulivunjie tabaka hilo ulinganifu kwa kulizungusha, na njia inapofuka. Chandrasekhar alionyesha mwaka 1953 kwamba mzunguko unauchelewesha myuko, ilhali nguvu ya Coriolis haifanyi kazi yoyote, hivyo nishati ya kawaida haiioni. Galdi na Straughan, mwaka 1985, ilibidi watunge nishati nyingine yenye kuhisi mzunguko. Hapa ndipo ufundi ulipo: kuchagua cha kupima.

Na ulaini ukikosekana? Jean Leray alithibitisha mwaka 1934 kwamba masuluhisho hafifu, yaani yasiyolazimika kuwa laini, yapo katika vipimo vitatu, bila kuweza kuthibitisha upekee wake. Katika vipimo viwili Olga Ladyzhenskaya alikuwa na ukosefu wa usawa uliotosha kuidhibiti ile sehemu ya wizi. Katika vipimo vitatu vipeo havitoshi. Mwaka 2022 Dallas Albritton, Elia Brué na Maria Colombo walionyesha kwamba, kwa nguvu ya nje iliyochaguliwa kwa uangalifu, kimiminika kilichoanza kikiwa kimetulia kinaweza kuwa na masuluhisho mawili tofauti ya Leray. Walianza na kizingia kisicho thabiti kinachojirudia umbo kadiri muda unavyokaribia sifuri, na suluhisho la pili wakalipata kwa kuufuata mtikisiko wake unaokua.