Kiyoyozi Kigoma: kiache kiende polepole

Kigoma haina joto la Dar es Salaam. Mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 20. Hapo ndipo wenye viyoyozi wengi wanapopotea: wanafunga mashine kubwa kwenye chumba kidogo Mwanga au Ujiji, kisha wanalalamika uniti za LUKU zinayeyuka.

Itazame taa nyekundu ya mita wakati kompresa ya kawaida inawaka. Taa za ndani zinafifia kidogo, maana kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa mwendo wake wa kawaida. Taa ya mita inapepesa mbiombio, chumba kinapoa upesi, kompresa inakata. Baada ya dakika chache inawaka tena na kuanza upya kujenga presha ya gesi. Haijui nusu mwendo: ni kuwaka au kuzima. Na kwa kuwa inakata mapema, unyevu haupati muda wa kugeuka matone kwenye koili na kutoka kwa bomba. Msimu wa mvua unalala kwenye baridi na shuka bado mbichi.

Inveta, yaani kiyoyozi ambacho kompresa yake inaweza kupunguza mwendo badala ya kuzima, inaponya hii washa-zima, mradi uiache ifanye kazi yake. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka ndani kulipeleka nje, na mzigo huwa mzito kadiri koili ya ndani inavyokuwa baridi na ya nje inavyokuwa moto. Kompresa ikizunguka taratibu, koili zilezile zinapitisha joto kidogo, tofauti kati yao inapungua, na kila uniti ya umeme inahamisha joto zaidi.

Kwa hiyo, weka nyuzi 26, pangaboi lizunguke taratibu, na usiguse rimoti. Kushusha hadi 18 hakuharakishi lolote kwa mashine ya kawaida. Kwa inveta kunailazimisha ikimbie bure. Mashine ya BTU 9,000 inatosha chumba cha kawaida cha kulala. Muuzaji akikusukumia 18,000, kataa.

Kiangazi, safisha chujio mara kwa mara, na mapezi ya koili ya nje yaoshwe kwa maji yasiyo na presha kubwa, maana hupinda. Kama madirisha yana nyavu za mbu, jua likishazama zima mashine, fungua pande mbili, upepo upite.