Daraja za Nguo: Ufundi wa Kupanga Sanduku

Miongoni mwa kazi za nyumbani zinazofanywa kila wiki na kusifiwa kwa nadra, kupanga nguo kunastahili kuhesabiwa kuwa ufundi kamili, kwa sababu kuna zana zake, kuna kanuni zake zinazofuata majira ya mwaka na, zaidi ya yote, kuna maarifa ya kuamua kila nguo ikae wapi, ifanye kazi gani na iondoke lini. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, ufundi huu umelelewa zaidi na wanawake, na chombo chake kikuu kwa muda mrefu kilikuwa kasha, yaani sanduku kubwa la mbao ngumu lililopambwa kwa njumu, ambazo ni misumari na vibati vya shaba vilivyogongomelewa usoni mwake. Makasha mengi yaliletwa na majahazi kutoka India, na ndani yake mara nyingi mlikuwa na kijisanduku cha pembeni chenye kifuniko chake, mahali pa kuwekea dhahabu na manukato.

Umbo la kasha lenyewe lilimfundisha mwenye nyumba namna ya kufikiri. Kwa kuwa hufunguliwa kwa juu, kila kilichowekwa chini hakifikiki mpaka vilivyo juu yake vitolewe, na kwa hiyo mpangilio wake haukuwa na budi kufuata wakati: nguo za harusi na za sikukuu kubwa zililala chini, za kutokea zikafuata, na za kila siku zikakaa juu karibu na mkono. Kabati la milango miwili lilipoenea majumbani lililegeza sharti hilo, kwani rafu zake zote huonekana kwa pamoja, na urahisi huo umekuwa na gharama yake, maana mtu anayeweza kuchomeka nguo popote hana haja ya kujiuliza itavaliwa lini.

Adui wa kwanza wa nguo zilizohifadhiwa pwani ni unyevu. Pamba hufyonza mvuke wa maji kutoka hewani hadi kufikia karibu asilimia 8 ya uzito wake katika hali ya kawaida, na zaidi ya hapo hewa inapokuwa nzito, kiasi kwamba nguo iliyofungiwa wakati wa masika bila kukauka barabara huota ukungu, ile kuvu ndogo inayoacha madoa meusi yasiyotoka. Ndiyo maana wajuzi huanika yaliyomo sandukuni mvua zinapokwisha na upepo wa kusi unapotulia katika ukavu wake, na huyaanika kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi. Nondo anaogopwa kupita kiasi, ingawa sheria yake ni rahisi kuijua: anayekula nguo si nondo mwenyewe arukaye bali ni buu wake, naye hutafuta keratini, protini iliyomo katika sufu, manyoya na nywele. Joho la sufu alivaalo bwana harusi ni chakula chake. Kanga ya pamba iliyo safi iliyolazwa kando yake kwa kawaida haimshughulishi. Anayelijua hilo hatatawanya dawa kabati zima, bali ataitenga sufu peke yake, aikung'ute na kuikagua mishononi.

Baada ya kukauka hufuata kufukiza. Vipande vya udi huwekwa juu ya makaa katika chetezo, nguo hutandazwa juu yake kwa umbali usioziunguza, na moshi hupenya katika nyuzi mpaka harufu ikae. Penginepo maua ya mkadi au asumini hulazwa kati ya nguo zilizokunjwa. Kuyaita hayo mapambo tu ni kuyapunja, kwani nguo haifukizwi ikiwa mbichi wala ikiwa chafu, na kwa hiyo kufukiza ni ukaguzi wa mwisho wa usafi kabla ya kifuniko kushushwa.

Ustadi wa mkono huonekana zaidi katika kukunja. Kanga, ambayo Mombasa huitwa pia leso, ni nguo ya pamba yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 hivi; ina pindo lizungukalo kingo zote, mji ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Mkunjaji hodari huukunja upana wake mara mbili, uso wenye rangi ukiwa nje, kisha huzirudisha ncha za kulia na kushoto kwa nyuma ili theluthi ya katikati ibaki mbele, halafu hukunja tena mara moja, na matokeo yake ni kifurushi bapa ambacho jina lake linasomeka ukingoni. Doti ishirini zilizopangwa hivyo zinasomeka zote bila hata moja kuvutwa. Kila baada ya miezi kadhaa hufunguliwa na kukunjwa kwa mistari mingine, kwa kuwa nyuzi zinazopindwa mahali pamoja kwa miaka huchoka na hatimaye hukatika papo hapo, na hariri na nyuzi za dhahabu huumia haraka kuliko pamba.

Hata hivyo, kiini cha ufundi huu kimo katika kupunguza. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka mwaka 2011, humtaka mtu aishike kila nguo na kujiuliza kama inamletea furaha. Isiyoileta huagwa kwa shukrani. Mila ya pwani huuliza swali lingine, nalo ni sasa nguo hii ifanye kazi gani. Kanga mpya huvaliwa harusini na kwenye mialiko; ikishafuliwa mara nyingi hushuka daraja na kuwa ya nyumbani na ya kulalia; ikilainika zaidi hupata heshima ambayo haikuwa nayo ilipokuwa mpya, kwa maana ngozi ya mtoto mchanga haihitaji kitu kigumu chenye wanga wa kiwandani, na mama anayekwenda kujifungua hufungasha kanga zilizofuliwa mpaka zikawa laini. Hapo huwa mbeleko na nepi. Baadaye husokotwa kuwa ngata ya kubebea mzigo kichwani, hukatwa vitambaa vya kushikia sufuria, na mwishoni huwa tambara la kudekia. Kupanga sanduku, kwa mwenye kuujua utaratibu huo, ni kuipitia kila nguo na kutambua daraja iliyofikia, kisha kuishusha bila kuionea huruma wala kuidharau; na iliyo nzima lakini haina tena mvaaji hupewa ndugu au hutolewa sadaka ingali na nguvu, maana kumpa mtu kilichokwisha si kumpa.

Utaratibu huo sasa umepata mtihani ambao kasha halikuwahi kuujua. Nguo za mtumba huingia Kenya na Tanzania katika marobota ya kilo 45 hivi, ambayo wauzaji wengi huyaita mabelo, na bei yake nafuu imewavisha watu wengi kwa staha, jambo lisilopaswa kubezwa. Tatizo limo katika nyuzi. Sehemu kubwa ya nguo za siku hizi, za mtumba na mpya, ni poliesta, aina ya nyuzi itokanayo na mafuta ya petroli, ambayo unyevu wake haufiki hata asilimia 1 ya uzito wake. Haioti ukungu upesi kama pamba, na kwa sababu iyo hiyo haifuti maji: haifai kuwa nepi, haifai kuwa dekio, na ikishikiwa sufuria ya moto huyeyuka. Ile kiu iliyoiponza pamba sandukuni ndiyo iliyoipa ajira hadi uzee, na nguo isiyo na kiu hiyo, ikishakataliwa na mvaaji wake wa kwanza na wa pili, haina daraja ya kushukia. Hubaki imeshindiliwa nyuma ya kabati kwa miaka. Kwa hiyo mpangaji wa leo analazimika kuianza kazi yake sokoni, Karume au Kongowea, akiwa bado hajatoa hata shilingi, kwa kuifikicha nguo kati ya vidole na kuipima kwa kazi zote zitakazoifuata.