Besi ya Zamani Kyela: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kisiguswe

Mwenye gitaa la besi la miaka ya 60 au 70 hapa Kyela huulizwa swali moja na kila fundi atakayempelekea: tuiboreshe, au tuiache ilivyotoka kiwandani? Wengi hujibu kwa kutazama bei. Wamesikia kwamba Fender ya zamani ikipakwa rangi upya hupoteza kiasi cha nusu ya thamani yake kwa wauzaji wa Ulaya na Marekani, na hilo ni kweli. Lakini besi inayopigwa kanisani Ipinda au harusini Matema haimngojei mnunuzi wa New York. Adui yake ni hewa ya hapa. Kwa hiyo mimi nauliza mawili tu: hewa ya ziwa inaharibu nini, na kazi unayotaka kuifanya, ukiijutia, itarudishika?

Kyela iko bondeni, ziwa mbele, milima ya Livingstone upande wa mashariki na mlima Rungwe kwa nyuma, na mvua zake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mti wa gitaa hukaushwa mpaka unyevu wa asilimia 6 hadi 8 kabla haujachongwa. Mkulima wetu wa kakao anazifahamu namba hizo, kwa kuwa punje zake nazo huzianika mpaka zikaribie asilimia 7, na anajua zinavyorudia unyevu zikiachwa wazi usiku. Shingo ya gitaa hufanya vilevile. Hewa ikishika unyevu wa asilimia 80 kwa wiki kadhaa, mti usiofunikwa vizuri huuvuta mpaka ukaribie asilimia 16. Ongeza nyuzi nne zinazoivuta shingo hiyo kwa nguvu inayokaribia kilo 80, mchana na usiku. Ifikapo Aprili nyuzi zimenyanyuka, na mpigaji anadhani gitaa limezeeka.

Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Fundi anaona nyuzi ziko juu, anachukua msasa na kuuparua ubao wa vidole, au anaishusha briji mpaka chini kabisa. Kumbe ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kwenye Fender nyingi za zamani nati yake iko kwenye kisigino cha shingo, imefichwa mwilini. Lazima ulegeze nyuzi, ufungue skrubu nne za nyuma, uinyanyue shingo, uizungushe nati robo mzunguko, ufunge, uvute nyuzi, upime. Haikutosha? Unaanza upya. Kazi hii inachosha, ndiyo maana wako wanaochonga mfereji mwilini ili bisibisi ifike bila kufungua shingo. Mimi sikubaliani nao. Mfereji ule haurudi. Matundu ya skrubu yakilegea kwa kufunguliwa mara nyingi, yana dawa: yazibe kwa vijiti vya mti mgumu na gundi ya mbao, kisha utoboe tena palepale.

Na ubao wa vidole uogope zaidi ya vyote. Fender nyingi za mwanzo wa miaka ya 60 zimewekewa mti wa rozwudi wa Brazili, ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali tangu 1992. Ukishaupunguza kwa msasa, huna duka la kwenda kununua mwingine.

Kabla hujaamua lolote, fungua kibao cha mbele utazame tumboni. Mgongoni mwa potenshomita za voliumu na toni mara nyingi kuna namba iliyogongwa. Tuseme inasomeka 1376633. Tarakimu 137 ni za kampuni ya CTS, 66 ni mwaka 1966, na 33 ni wiki ya thelathini na tatu. Namba hiyo haikwambii gitaa liliundwa lini hasa, kwa sababu kiwanda kiliweza kununua akiba kubwa na kuitumia miaka iliyofuata. Inakwambia tu kwamba, kama potenshomita ni zilezile, gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Itazame na lehemu. Ya kiwandani imefifia, ya kijivu, na kwenye gitaa nyingi za miaka ya 60 nyaya zake zimevikwa kitambaa. Iliyorudiwa juzi inang'aa. Ukikuta sehemu imeshaguswa, huna cha kulinda pale. Badilisha kwa amani. Mwili uliokwisha kupakwa rangi mara mbili nao unakuachia uhuru mkubwa. Wako watu wanaolinda uhalisi uliokwisha kuondoka zamani, huku mpigaji akiteseka na voliumu inayokwaruza.

Briji ndiyo sehemu ninayoibadilisha bila kusita. Vyuma vidogo vinavyobeba nyuzi ni vya chuma cha kawaida, na kwa jasho la mkono na hewa ya ziwa hushikwa na kutu mpaka skrubu zake hazizunguki. Skrubu zisipozunguka, gitaa haliwezi kutyuniwa likakaa sawa kuanzia juu ya shingo mpaka chini. Zipo briji za kisasa, nzito kidogo, zinazokaa kwenye matundu yaleyale matano ya Fender ya zamani. Hutoboi kitu. Ile kuukuu ipake mafuta, ifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, iandike jina, iweke ndani ya kesi.

Pikapu zinataka subira. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, kama milimita 0.06, umezungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku zilizoshikwa kwa vibao vya nyuzinyuzi zilizoshindiliwa. Vibao hivyo hunywa unyevu na kupinda, na sumaku huota kutu inayoweza kuula waya. Pikapu ikinyamaza, pima kwa mita kabla ya kuitupa. Ya Fender Precision nzima husoma kama kilo-omu 10 au 11. Mita isiposoma kitu, waya umekatika mahali. Mara nyingi umekatika pale mwanzo au mwisho ulipolehemiwa, na fundi mwenye mkono mtulivu huuunga kwa dakika chache. Ukiwa umekatika ndani, afadhali kuizungusha upya pikapu ileile kuliko kununua mpya, kwa kuwa sumaku zake nazo ni sehemu ya sauti yake. Mvumo wa umeme, hasa mkipigia jenereta, unapungua ukizungushia tumbo la gitaa utepe wa shaba uliounganishwa na waya wa ardhi. Chagua utepe, usichague rangi ya kupitisha umeme. Utepe unabanduka, rangi hiyo haitoki tena.

Sasa sauti yenyewe. Wanaotaka kuwekewa sakiti ya betri ya volti 9 husema besi ya zamani haina nguvu. Wasikilize tena muziki wa dansi. Msikilize Suleiman Mwanyiro ndani ya Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, au Tom Malanga na Les Wanyika walioanza mwaka huohuo. Noti ni fupi, nene, hazina ukali wa juu, na kati ya noti na noti kuna nafasi ya magitaa mengine kuongea. Sakiti ya betri inaongeza juu na chini, yaani inajaza nafasi ileile ambayo wapigaji hao waliiacha kwa makusudi. Anayetaka sauti hiyo anahitaji nyuzi bapa, kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na briji, na toni iliyofungwa nusu. Gharama yake ni ndogo, na hakuna tundu jipya.

James Jamerson wa Motown alifanya karibu hivyohivyo. Precision yake ya 1962 ilibaki kama ilivyokuwa, nyuzi bapa nzito hakuzibadilisha mpaka zikatike, na alipiga kwa kidole kimoja. Upande wa pili, wa waliobadilisha besi zao, wanatajwa Marcus Miller na Jaco Pastorius. Fender Jazz Bass ya Miller ni ya 1977, na fundi Roger Sadowsky aliiwekea sakiti na briji nyingine. Ya Pastorius ni ya 1962: vyuma vya shingo viling'olewa, mifereji ikazibwa, ubao ukapakwa epoksi ya boti ili nyuzi za kukwaruza zisiutafune. Ugumu wa epoksi ulichangia kuzipa noti zake ule urefu unaosikika kwenye albamu yake ya 1976.

Mifano hii hutumiwa vibaya. Besi ya Miller ilikuwa na miaka michache tu ilipoguswa, na ya Pastorius ilikuwa kama ya miaka kumi: gitaa la mtumba, zana ya kazi. Hakuna kati yao aliyeshika msasa juu ya kitu cha miaka 60. Na ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, Yobu Maligwa wa Madalitso Band hupiga babatoni, besi ya uzi mmoja ya kujitengenezea. Ile kila kipande chake kinaweza kufanywa upya, kwa kuwa anayejua kuiunda yupo na vifaa vyake vipo. Kwa Fender ya 1966 hatuna uwezo huo.

Kwa anayetamani besi isiyo na vyuma shingoni, Leo Fender mwenyewe aliacha njia. Shingo aliifunga kwa skrubu nne badala ya gundi ili iweze kubadilishwa. Nunua shingo nyingine ya kisasa yenye kisigino cha kipimo hicho na urefu uleule wa uzi, sentimita 86.4. Ng'oa vyuma vya hiyo, ziba mifereji, ipake epoksi; gundi ya namna hiyo inayotumika kwenye boti za faiba yafaa. Ya zamani ilegeze fimbo yake, ilaze juu ya kitu tambarare ndani ya kesi pamoja na pakiti za kukausha unyevu. Usitumie mchele: umeshabeba unyevu wake wa asilimia 12 au zaidi, na vumbi lake huingia kwenye funguo. Pakiti hizo zikaushe upya kila mwezi kuanzia Novemba hadi Mei.